Praima laini au kutu ya wazi? Kuchagua bodi ya zamani kwa ajili ya hotirodi

*"Nimeanza kujenga hotirodi yangu ya kwanza, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu. Chasisi mpya ya mtindo wa Ford ya 1932 ninayo, na injini nimeshapata. Kinachoninyima usingizi ni bodi. Nimeona tatu. Ya kwanza ni Ford Model A ya madirisha matano ya mwaka 1930, imepigwa praima (rangi ya msingi) ya kijivu, laini kabisa, na muuzaji anasema imebaki rangi tu. Ya pili ni ya aina hiyo hiyo, ya 1931. Ina kutu ya kahawia juu hadi chini, pembe za chini zimeoza na mlango mmoja umebonyea, lakini vitu vyake karibu vyote vipo. Ya tatu ni mpya, ya faibaglasi. Rafiki zangu wananiambia nisiguse chochote chenye kutu, na mmoja amesisitiza nitafute bodi ya jangwani tu. Nitaitambuaje bodi nzuri, na nifanye nini nisidanganywe?"*

Ndugu yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kulipa. Wengi huniuliza swali hili bodi ikiwa tayari imeshaingia karakana, na hapo kinachobaki ni kuhesabu hasara.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili: kununua kutu, na kununua uongo. Ya kwanza umeambukizwa na rafiki zako, na ningependa kuipunguza. Ya pili ni yako mwenyewe, nayo ina haki kabisa. Kati ya bodi hizo tatu, ninayoitilia shaka zaidi ni ile ya praima ya kijivu. Ile yenye kutu ndiyo ningekwenda kuipima kwanza. Sijasema uinunue. Nimesema uipime, na nitakueleza namna.

Tuanze na kutu yenyewe. Ni chuma kinachoungana na oksijeni palipo na maji, na chumvi ikiwepo kazi hiyo huenda mbio. Bati lililosimama wima mvuani linalowa, jua likitoka linakauka. Linageuka kahawia, lakini ukilipiga msasa unakuta chuma kizima chini yake. Bodi za Ford za wakati ule zilikandamizwa kwa bati la unene wa karibu milimita 1, nene kuliko la magari mengi ya leo, kwa hiyo lina cha kupoteza kabla halijatoboka. Rangi ya kahawia kwenye paa na mgongoni isikutishe hata kidogo.

Hatari iko pale maji yanapokaa. Angalia mahali ambapo bati mbili zimelaliana na kushonwa kwa nukta za kuchomea. Maji hunywewa na ule mwanya mwembamba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na yakishaingia hayatoki. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inazisukuma bati ziachane, mwanya unapanuka, maji mengine yanaingia. Ndiyo maana mshono uliooza huonekana umefura hata kama rangi juu yake haijapasuka. Sehemu hizo ni zile zile kwenye karibu kila bodi ya miaka hiyo: kingo za chini za milango, pembe za chini za kifua cha gari (ile sehemu kati ya boneti na milango), bati lililo mbele ya tao la gurudumu la nyuma, sakafu ya buti, na reli za chini zinazobeba bodi juu ya chasisi. Kwa hiyo ukiniambia bodi ya 1931 imeoza pembe za chini, umenieleza jambo la kawaida kabisa kwa gari la umri huo.

Sasa ile ya praima. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Praima nyingi si kinga dhidi ya maji. Kazi yake ni kushika rangi ya juu, na zile za kawaida hunyonya unyevu zikiachwa wazi kwa miezi. Bodi iliyokaa mwaka mzima na praima pekee inaweza kuwa inaoza sasa hivi chini ya ule ulaini unaokuvutia. Lakini linalonisumbua zaidi ni swali hili: kwa nini mtu aliyefanya kazi ngumu yote ya kunyoosha bati asimame hatua moja kabla ya rangi? Wakati mwingine fedha imemwishia, au amehama, au ameugua. Mara nyingi, hata hivyo, praima imepigwa ili bodi iuzike, na chini yake kuna puti, ule ujazo mzito wa kufichia mashimo na mibonyeo.

Niliwahi kununua bodi ya namna hiyo nikiwa bado mchanga katika kazi hii, na muuzaji alinihakikishia kwamba ilikuwa chuma tupu. Nilipoipeleka kupigwa mchanga, pembe moja ya nyuma ilianguka yote. Lilikuwa bonge la puti limekandikwa juu ya wavu wa chuma na vipande vya bati vilivyopigiliwa ripiti. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza pale, kwa sababu hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo nalipia kwa moyo mweupe bodi inayoonyesha mashimo yake, maana shimo ninaloliona naweza kulihesabu: kipande cha bati, siku kadhaa za kuchomelea, basi.

Kuipima bodi yenye praima, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi butu, futi ya chuma, na simu yako kwa ajili ya kupiga picha mahali kichwa hakifiki. Pitisha sumaku taratibu kutoka juu kwenda chini. Usitafute tu mahali inapoanguka. Sikiliza mkono wako mahali mvuto unapopungua, kwa sababu puti nyembamba hupunguza mvuto bila kuuzima. Ukipata kipimo cha umeme cha unene wa rangi, ni bora zaidi. Gonga kwa kidole: bati tupu hulia, puti nene hunyamaza. Ila usimhukumu mtu kwa sumaku peke yake. Mafundi wa zamani walijaza mishono kwa risasi, ile metali laini, iliyoyeyushwa, na risasi haishikwi na sumaku. Risasi iliyowekwa vizuri ni kazi ya kuheshimiwa, na inaweza kudumu kuliko puti yoyote.

Baada ya hapo ingia ndani. Huko ndiko ukweli ulipo, kwa sababu muuzaji hupaka nje. Angalia mgongo wa kila bati. Ukiona uvimbe wa mchomeleo, bati lililolaliana juu ya jingine, au puti iliyojipenyeza kwenye tundu na kuganda kama kamasi upande wa pili, umepata jibu lako. Ukikuta ndani nako kumepigwa lami nene nyeusi, kila mahali, mpya, omba ruhusa ukwangue sehemu moja ndogo. Akikataa, usigombane naye. Mshukuru, nenda zako.

Kutu na puti, hata hivyo, vyote ni vidogo mbele ya jambo ambalo hukuliuliza: umbo. Bodi ya zamani inanunuliwa kwa mistari na mianya yake. Shimo linazibwa na fundi wa wastani mwenye subira. Bodi iliyopinda, iliyokaa miaka arobaini imelala kwenye kona moja, au iliyokatwa na kuunganishwa vibaya, itakutesa katika kila hatua: mlango hautafunga, kioo hakitaingia, mfuniko wa buti utakataa, na kila utakapolazimisha kimoja kingine kitaharibika.

Kwa hiyo pima. Kwanza hakikisha bodi imekaa juu ya stendi au magogo yaliyo sawa, kwa kutumia pima maji, maana bodi iliyowekwa ovyo itakupa vipimo vya ovyo hata kama ni nzima. Kisha pima mshazari wa kila uwazi wa mlango: pembe ya chini upande wa bawaba hadi pembe ya juu upande wa kitasa, halafu mshazari wa pili. Linganisha mlango wa kushoto na wa kulia. Pima tena kukatiza bodi nzima, kutoka chini ya nguzo ya mbele kushoto hadi chini ya nguzo ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Milimita tatu, nne za tofauti zisikukoseshe raha. Hata kiwandani hazikuwa saa za mkononi. Ikizidi sentimita moja, simama uulize kwa nini kabla hujaendelea na lolote.

Mianya ya milango nayo inasema, ukijua kuisoma. Mlango unaobana juu na kuachia chini unakwambia katikati ya reli imezama. Unaobana chini na kuachia juu unakwambia ncha ya mbele au ya nyuma imeinama. Kabla ya kukata tamaa, mwombe muuzaji aweke jeki chini ya reli, karibu na nguzo, ainue kidogo sana. Mwanya ukibadilika, bodi imelegea tu kwa sababu reli zimeoza, na reli mpya zitairudisha. Usipobadilika kabisa, kuna mahali imekunjwa au imechomelewa ikiwa katika hali hiyo. Kagua na bawaba: mlango unaoning'inia unaweza kuwa na pini zilizolika tu, na hilo ni jambo dogo sana.

Ninakueleza haya kwa urefu kwa sababu ya historia ya bodi hizi. Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kisha Model A karibu milioni 5 hadi 1931, na mwaka 1932 ikaleta injini ya V8 kwenye gari la bei ya mtu wa kawaida. Vijana wa California waliyachukua magari hayo kwa sababu yalikuwa mengi, mepesi na ya bei nafuu. Waliyavua madigadi na kila kilicho kizito, wakayakimbiza kwenye maziwa makavu kama Muroc, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda SCTA (Southern California Timing Association), chama cha kupima kasi za magari hayo. Tangu wakati ule watu hawajaacha kuzitafuta bodi hizi. Maana yake kwako ni kwamba hakuna bodi ambayo haijapita mikononi mwa mtu. Nyingine zilikuwa magari ya mashindano ya viwanja vya vumbi baada ya vita: milango ikachomelewa isifunguke, mabomba ya kinga yakafungwa kwenye nguzo, kingo za matao zikakatwa ili magurudumu makubwa yaenee. Nyingine zilishushwa paa kwa kukata na kufupisha nguzo zake, au zilikatwa sakafu ili bodi izame chini juu ya chasisi. Tafuta makovu hayo.

Paa lililoshushwa na fundi mzuri linaongeza thamani. Lililoshushwa vibaya ndilo jeraha baya kuliko yote ninayoyajua, kwa sababu vipande vilivyotolewa vilikwenda na takataka. Pima urefu wa kila nguzo upande huu na ule. Simama mita kumi nyuma ya gari, chuchumaa, na tazama madirisha mawili ya pembeni kupitia kioo cha nyuma. Jicho lako litaona upande uliolala kabla futi haijakuthibitishia.

Hapo ndipo ninapotenganisha kutu rahisi na kutu ngumu. Kutu ya chini ni rahisi. Kwa Model A, mabati ya pembe za chini, sakafu, reli na kingo za milango yanatengenezwa mapya hadi leo na yanapatikana bila shida. Kutu ya juu ni ngumu: mfereji wa mvua pembezoni mwa paa, nguzo za kioo cha mbele, pembe za madirisha, kiunzi kinachozunguka mfuniko wa buti. Huko bati limekunjwa mara nyingi, limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi utalazimika kukata kipande kutoka bodi nyingine iliyokufa. Bodi yenye sentimita kumi na tano za uozo chini na paa zima ni bora mara nyingi kuliko yenye chini zima na mfereji uliotoboka pande zote.

Hata kazi rahisi ina adabu yake. Bati linapopata moto wa mchomeleo hupanuka, na likipoa hujivuta na kuwa fupi kuliko lilivyokuwa. Ukichomelea mstari mrefu kwa pumzi moja, ubavu mzima utafanya mawimbi. Ndiyo maana fundi huweka nukta moja hapa, nyingine mbali, na kusubiri. Kama huna uzoefu, jifunze kwenye mabati ya kutupa kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa ubavu wa bodi.

Jambo moja la hatari ambalo sitaki ulipite. Kwenye Model A, tangi la petroli liko kifuani, mbele ya dereva, na juu yake ndiyo sehemu ya juu ya bodi yenyewe. Wajenzi wengi huweka tangi jingine nyuma na kulibakiza hilo kama umbo tu. Usilete moto wa kuchomelea wala grainda karibu nalo hadi lisafishwe na mtu anayejua kazi hiyo. Mvuke wa petroli unaweza kubaki kwenye tangi lililokaa kavu kwa miaka mingi.

Umesema bodi ya 1931 ina vitu vyake karibu vyote. Huenda hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika barua yako. Wanaoanza huhesabu mashimo. Mafundi huhesabu vilivyopungua. Kiunzi cha kioo cha mbele, mifuniko ya ndani ya madirisha, bawaba, vitasa, mashine za kupandisha vioo, mfuniko wa buti na bawaba zake: kimoja kimoja vinaonekana vidogo, vikikosekana vyote vinakula bajeti na miezi. Nenda na orodha na kalamu. Neno "karibu" ulilotumia lina uzito, kwa hiyo hesabu hadi ujue ni nini hasa hakipo. Mlango uliobonyea usikukatishe tamaa. Bati lililobonyea bila kukatika bado lipo lote, linasubiri nyundo.

Kuhusu jangwa, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Bodi zilizokaa Arizona, New Mexico au Nevada mara nyingi zina chini nzima kuliko za majimbo yenye theluji. Lakini jua la huko huteketeza mbao, mipira na kila kitambaa, na bodi nyingi zilizotelekezwa nyikani zilifanywa shabaha za bunduki. Matundu ya risasi si machache, na kila moja limevuta bati ndani kulizunguka. Kumbuka pia kwamba chumvi ya barabarani ilienea Marekani hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Gari la 1931 lililoegeshwa ghalani kabla ya hapo huenda halikuionja kabisa, hata kama liko katika jimbo la baridi. Lililoliua ni sakafu ya udongo iliyopumulia unyevu juu miaka yote. Kwa hiyo uliza lilikaaje, juu ya nini, na chini ya nini. Jina la jimbo peke yake halitoshi.

Faibaglasi sasa. Haina kutu, ni nyepesi, na nzuri zipo. Tofauti kati ya nzuri na mbaya haionekani kwenye ung'avu wa nje. Ipo kwenye mifupa. Bodi nzuri ina kiunzi cha chuma ndani, hasa kwenye nguzo za bawaba na vitasa, na milango yake hufunga kwa sauti moja nzito. Mbaya ni ganda tu: inatikisika, inapasuka kwenye pembe za milango, na ubapa wake hufanya mawimbi kadiri utomvu wake unavyoendelea kukauka na kusinyaa. Ukiichagua, uliza ilitolewa kwenye kalibu lini, ifunge kwenye chasisi yako mapema, na usikimbilie rangi. Jua pia kwamba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa na kila swichi itahitaji waya wake wa kurudi kwenye betri. Na katika ajali haikukingi kama chuma.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja: bodi mpya ya chuma. Brookville huko Ohio wanatengeneza bodi za chuma za Model A zisizo na paa, na United Pacific wanatengeneza ya 1932 ya madirisha matano. Zinakuja zimenyooka, bila siri, na ukijumlisha saa zote za kunyoosha bodi iliyooza, tofauti ya gharama inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Kinachokosekana ni ule umri. Kwa wengine hilo si kitu. Kwa wengine ndiyo sababu yote ya kujenga. Hapo siwezi kukuamulia.

Na kama zote zitakushinda, fikiria sedani au kabini ya pikapu. Watu wengi hukimbilia gari dogo la madirisha matano, kwa hiyo sedani nzima ya milango minne hubaki ikisubiri mnunuzi mwenye macho. Uwe mwangalifu tu na Chevrolet za kabla ya 1937. Bati lake zuri limeshikiliwa na kiunzi cha mbao, na mbao zikioza bodi haina kinachoisimamisha. Unaweza kuipenda bado, lakini utakuwa seremala kabla ya kuwa fundi wa bati.

Kabla ya kulipa, kuna mambo mawili yanayohusu chasisi yako. La kwanza, Model A ilikuwa na inchi 103.5 kati ya ekseli na ekseli, na ya 1932 ilikuwa na inchi 106, na reli zake zina mkunjo ambao bodi ya Model A haikuutarajia. Ndoa ya bodi hiyo na chasisi hiyo ni ya zamani na inapendeza sana, ila kwa kawaida chasisi hubanwa sehemu ya mbele ili ikutane na kifua cha bodi. Muulize aliyeitengeneza yako kama ameibana, na kwa bodi ipi. La pili ni karatasi. Namba ya Model A ilipigwa kwenye injini na juu ya reli ya kushoto ya chasisi. Bodi haikubeba namba hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikupa bodi pamoja na hati ya umiliki, hati hiyo inazungumzia chasisi ambayo huipati. Usikubali ushauri wa kupiga namba ya zamani kwenye chasisi mpya. Mahali pengi hilo ni kosa la jinai. Chukua stakabadhi ya mauzo iliyosainiwa inayosema wazi kwamba umenunua bodi tu, na uende kwa mamlaka ya usajili ya unapoishi kuuliza gari lililojengwa upya linasajiliwaje, kabla hujatumia fedha zaidi.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Mlipe fundi bodi aliyekwisha kujenga magari ya miaka hii akusindikize kwa nusu siku. Ujira wake ni mdogo sana ukilinganisha na kosa moja. Ukimkosa, vilabu kama Model A Ford Club of America vina wanachama wanaozijua bodi hizi kwa kupapasa. Paa lililoshushwa, vipimo vilivyozidi sentimita, au uozo wa nguzo na mfereji, usiviamue peke yako. Rangi ya zamani na mishono ya jadi vina risasi yenye sumu, kwa hiyo usivisage vikavu bila barakoa inayofaa, wala mahali watoto wanapocheza. Kusafisha bodi nzima nako mpe mzoefu. Mchanga mkali ukipigwa kwa nguvu kwenye ubapa hulitanua bati hadi likafura na lisirudi, na asidi inayobaki ndani ya mishono hutoka baadaye kuchafua rangi yako mpya.

Ukishapima ile ya 1931 na ukaridhika, usikubali ipandishwe kwenye lori ilivyo. Nenda na vyuma vyepesi vya mraba. Milango ikiwa imefungwa na mianya imekaa sawa, vichomelee ndani kutoka nguzo hadi nguzo, kukatiza bodi kushoto kulia, na kwa mshazari katika kila uwazi wa mlango, bila kuziba njia ya mlango kufunguka. Andika vipimo vyako kwa kalamu ya rangi juu ya kila chuma. Vyuma hivyo vikae humo hadi reli mpya za chini ziwe zimechomelewa na bodi imefungwa boliti kwenye chasisi. Na utakapofika kuzibadilisha reli, kata upande mmoja, umalize, upime tena, ndipo uguse wa pili.